Mdhamini Mwenye Kiwanja

Jumatano saa tisa na nusu mchana, maktaba ya mji ilikuwa na wasomaji kumi na wanane. Sita walikuwa wakigombea, kwa adabu, ukurasa wa nafasi za kazi wa gazeti moja. Watatu walikuwa wamesinzia. Waliobaki walikuwa wanafunzi. Mfagiaji alikuwa amemaliza kupiga deki ukumbi na sasa alisimama mbele ya dawati la kuazimia vitabu, fomu mkononi.

Fomu ilikuwa ya binti yake mkubwa. Binti alikuwa na mtihani wa ukunga mwisho wa mwezi, na kitabu alichokihitaji kilikuwa humo humo, rafu ya nane, nakala moja tu. Kukisomea ukumbini hakungewezekana: alipiga pasi kwa dobi hadi saa kumi na mbili, na maktaba ilifungwa saa kumi na moja. Ama kiazimwe, ama mtihani umpite kama ulivyompita mwaka jana.

"Sehemu ya mdhamini iko tupu," alisema karani.

"Niandike mimi."

"Mama, una kiwanja mjini?"

"Nimepanga. Si unajua?"

Karani alijua. Alinyoosha kidole kwenye kanuni zilizotiwa fremu ukutani tangu siku ya ufunguzi, miaka hamsini na minne nyuma: mdhamini awe mtu mwenye kiwanja ndani ya mipaka ya mji. Mfagiaji alikuwa akiifuta vumbi fremu hiyo kila Jumatatu kwa miaka ishirini na miwili. Kinyozi hajinyoi, na mfagiaji wa maktaba haazimi.

"Ningemdhamini mwenyewe," karani aliongeza kwa sauti ya chini, "lakini na mimi nimepanga."

Ndipo baba yake mfagiaji alipoingia. Alikuwa fundi mwashi, na alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Alipita polepole kando ya ukuta wa magharibi, ambao aliuinua kwa mikono yake, akiugusa hapa na pale na kuacha udongo mwekundu sakafuni.

"Baba, nimetoka kupiga deki sasa hivi."

"Samahani, mwanangu. Kule hakuna pa kufutia miguu."

Msomaji mmoja alisogeza kiti ili mzee apite.

"Shikamoo, mzee," alisema karani.

"Marahaba. Nimekuja kumdhamini mjukuu wangu."

Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hati ya baraza la mji: makaburi ya mashariki, namba 2216, futi sita kwa tatu, mali yake milele. Mzee huyu alikuwa ameomba kadi ya maktaba wiki ile ile aliyomaliza kupiga lipu, akanyimwa kwa kukosa mdhamini. Aliomba tena mara nne, akanyimwa mara nne. Mara ya mwisho alilia, mwanamume mzima, na mfagiaji, binti yake, akamwona. Jambo hilo lilikuwa bado linamuuma.

Karani alimwita mkutubi mkuu, ambaye wasomaji walimpachika jina la Bwana Kimya. Bwana Kimya alivaa miwani, akasoma hati, akasoma kanuni, akarudia hati. Hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba mdhamini awe anapumua.

"Sheria ni msumeno," alisema. "Kiwanja ni kiwanja."

Akagonga mhuri. Mzee alitia sahihi kwa herufi kubwa, kisha akauliza kama na yeye sasa anaweza kuazima. Akajibiwa kwamba wanachama ni wakazi wa mji, na yeye si mkazi tena. Akaitikia kwa kichwa, maana alishazoea, akatoka.

Binti alifaulu mtihani. Habari zikaenea kwa wapangaji, na kufikia mwisho wa mwaka mashangazi, wajomba na mababu waliozikwa mjini walikuwa wakipanga foleni kila Jumatano. Maktaba ilinunua zulia dogo la kufutia miguu. Baraza la mji likaandika katika ripoti yake kwamba wanachama wameongezeka, hivyo kanuni ya mdhamini inafanya kazi vizuri na haina haja ya kuguswa.

Kisha binti mdogo wa mfagiaji naye akataka kadi. Mdhamini mmoja humdhamini mtu mmoja, kwa hiyo babu alikuwa ameshatumika, na ukoo haukuwa na marehemu mwingine mjini.

"Kwani mimi siwezi kweli?" mfagiaji aliuliza. "Kila siku niko hapa."

Karani alimtazama kwa huruma. "Utaweza, mama. Siku yako ikifika."

Mfagiaji aliomba kalamu. Alijaza sehemu ya mdhamini taratibu, jina lake kamili na uhusiano wake na mwombaji, akaacha wazi namba ya kiwanja na tarehe. Karani alivuta droo, akaiweka fomu hiyo pamoja na za wapangaji wengine. Ya karani mwenyewe, aliyomjazia mwanawe, ilikuwa ya tatu kutoka juu.