Tope la Kiwanda cha Vijiko

Mizani ya zahanati ilikuwa ya watoto, ikakatika. Muuguzi akamtuma mtu ghalani kuazima ile ya kupimia mahindi, kisha akaandika kwenye kadi: Modesta, miaka saba, kilo mia moja na kumi na mbili. Mtoto mwenyewe alikuwa mwembamba, mbavu zinahesabika.

"Mnakunywa maji ya wapi?" akamuuliza Yustina, mama wa mtoto.

"Ya kijito, chini ya kiwanda cha vijiko."

"Ndiyo maana. Ni madini hayo. Asipande ngazi." Akaita mgonjwa mwingine.

Baba yake Modesta, Eustace, alikuwa na mwaka wa tisa pale kiwandani. Kazi yake ilikuwa kusukuma toroli la tope linalobaki baada ya vijiko kung'arishwa, na kulimwaga shimoni kando ya kijito. Mwaka ule kijiji kilikuwa kinachoma matofali ya shule, na udongo wa kuziba tanuri ulipopungua, Eustace alileta lile tope. Lilitoka motoni jeusi na jepesi kama mkaa. Mvua iliposukumia mabonge machache kijitoni, maji yaliyopita hapo yalipoteza ule mng'aro wa vijiko yaliyokuwa nao siku zote. Panga la Eustace nalo likateleza lenyewe kutoka ukingoni, likaenda kugandana na mabonge.

"Limetoka kwenye madini," akamwambia mkewe. "Linayataka madini yake."

Alichoma jingine, akalitwanga, akajaza magunia matatu ya katani na kuyapanga kukatiza kijito. Kila alasiri Modesta alikalishwa juu ya gunia, miguu ikiwa majini. Magunia yakazidi kuwa mazito, mtoto akazidi kuwa mwepesi. Majirani wakaleta watoto wao, wakakaa kwa zamu. Wiki ya tano, Eustace alimpakata binti yake kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na miaka mitatu.

"Usiniangushe, baba."

"Sikuangushi."

Alimbeba mpaka dukani na kurudi. Hakuwa na cha kununua.

Habari zikamfikia meneja, Ndugu Kondo. Akaja na gari, akachota kikombe cha maji chini ya magunia, akanywa, akanywa tena. Alisema kiwanda kimehangaika miaka mingi kwa sababu maji yanayoingia yana kutu na yanatia vijiko madoa. Tope ni mali ya umma. Kuanzia Jumanne lote litachomwa kiwandani na kuwekwa kwenye bomba la kuingizia maji. Magunia haya matatu nayo yatachukuliwa.

"Na maji ya kutoka?" Yustina akauliza.

"Ya kutoka yameshatoka, dada yangu."

Eustace akawa msimamizi wa tanuri. Siku ya wafanyakazi akapewa cheti na kitenge cha mkewe. Vijiko vya mwaka ule viling'aa kuliko vyote vilivyotangulia, na vikapelekwa Dar es Salaam kwenye maonyesho. Mara mbili alijaribu kutoka na tope mfukoni. Mlinzi akalimwaga chini, wala hakumfokea.

Kufikia Desemba Modesta alikuwa amevunja kitanda. Yustina akaamua kumpeleka Uluguru kwa mama yake, kwenye chemchemi iliyo juu ya viwanda vyote. Eustace aliomba ruhusa ya kuhama nao, akajibiwa kwamba kazi yake sasa inategemewa na taifa. Wanawake kumi wa kijijini walimbeba mtoto kwa machela, siku mbili, wakipokezana kwenye kona za mlima. Kila mmoja wao alikuwa ameacha mtoto wake nyuma, akinywa maji ya kijito.

Bibi yake Modesta alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshaweka magogo ya mvule chini ya sakafu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Keti polepole."

Wanawake wakanywa maji, wakaikunja machela, wakaanza kushuka.