Jora la Kitambaa Cheupe

Siku wifi yake alipomrekodi kwa simu akikata mkono wa gauni, mjane hakuwa na habari. Alikuwa ameinama mezani, chaki kwenye meno, akigeuza kitambaa huku na huku kutafuta uelekeo wa nyuzi, kama alivyofundishwa na mumewe. Wifi alisimama nyuma yake anahesabu muda.

"Dakika arobaini na moja," wifi alitangaza mbele ya wateja watatu. "Mkono mmoja. Bado wa pili."

Video ile ikaingia kwenye kundi la wateja na maneno haya chini yake: "Ukimngoja Bi Polepole, bibi harusi atazeeka." Kufika alasiri, muuza mikate alikuwa anamwita hivyo kutoka ng'ambo ya ukuta, bila ubaya, kama vile ndilo jina alilozaliwa nalo. Bi Polepole akatabasamu. Alikuwa mtu wa kutabasamu anapoumizwa. Lakini usiku ule alifua kitambaa chake cha kichwa mara mbili kwa kusahau kwamba alikwisha kukifua.

Duka lilikuwa la marehemu mumewe, fundi wa nguo. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha pana, na chini ya dirisha meza ya kukatia ambayo wawili hao waliipiga msasa wenyewe walipooana. Fundi alipofariki, dada yake akaja na cherehani ya umeme yenye kioo cha kubonyeza, ovaloki mpya ya kukata na kufunga kingo, na maneno matamu. Mwezi wa pili akasema, "Hii nyumba ya kaka yangu, wifi, sote tuna haki." Mwezi wa tatu akamhamishia stoo, kwenye magunia ya vipande na taa moja ya manjano. "Huku kuna utulivu. Kwa kasi yako panakufaa."

Tusimsingizie mjane. Hakuzichukia mashine. Ovaloki ile ilimaliza kwa dakika kazi iliyokuwa ikimla macho asubuhi nzima, na kila alipoisikia inanguruma alitamani kuigusa. Pasi ya umeme aliipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Ya mkaa ilikwisha kumwachia makovu mawili kwenye vidole, wala hakuikumbuka kwa machozi. Wifi angesema tu, "Njoo tukae pamoja, wewe kata, mimi nishone," angekwenda mbio. Hakuambiwa hivyo. Alipewa vifungo.

Ndipo ikaja kazi ya manesi. Matroni wa hospitali ya jirani alitaka magauni ishirini na manne, meupe, pamba tupu, yenye vifungo mbele, ya kuvaliwa siku ya kufungua wodi mpya. Vipimo vilitumwa kwa simu, na vilikuwa sahihi hata sentimita moja haikukosewa. Jora likafika likiwa gumu na linang'aa, likalazwa kwenye korido nje ya stoo.

Bi Polepole alilipapasa akajua. Pamba ya namna hiyo hutoka kiwandani imevutwa na kutiwa wanga. Ikikutana na maji mara ya kwanza, hujikunja yenyewe kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya baridi. Yeye na mumewe hawakuwahi kutia mkasi kwenye kitambaa kama hicho kabla ya kukiloweka na kukianika kivulini. Ili kuwa na hakika, alikata kipande cha shibiri moja pembeni, akachora ukubwa wake kwenye karatasi, akakichovya kwenye bilauri ya maji, akakipiga pasi, kisha akakirudisha juu ya mchoro. Kilipungua upana wa kidole. Kwa shibiri moja, kidole. Kwa gauni zima, hesabu mwenyewe.

Akainuka kwenda kusema. Kweli aliinuka. Alifika kwenye pazia, akasikia mteja anauliza, "Na yule mama wa zamani yuko wapi?"

"Nimemweka nyuma anashona vifungo," wifi akajibu huku akicheka. "Nisipompa cha kushika, si atajiona hafai kabisa?"

Bi Polepole akarudi stoo. Akakaa. Akakikunja kile kipande mpaka kikawa kidogo kama kidonge.

Saa haikupita, wifi mwenyewe akaja mlangoni. "Wifi, hebu shika kitambaa hiki. Unakionaje?"

"Kizuri."

"Hakina neno? Kaka alikuwa na mambo mengi na vitambaa."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, na neno lilikuwa moja tu.

"Kizuri sana," alisema. "Wewe kata tu."

Siku tisa mashine ilinguruma. Magauni yalitoka kama mikate, na ovaloki ikala kila ukingo uliozidi, bila kuacha ndani ya mishono nafasi hata ya unene wa mkia wa panya. Bi Polepole alishona vifungo. Alivishona kwa uzi mara nne, akauzungusha shingoni mwa kila kimoja, akakaza. Hata kwenye kisasi chake hakuweza kushona kifungo kibaya. Manesi walijaribu, wakageukageuka mbele ya kioo, wakasifu. Matroni akaagiza yafuliwe yote, maana nguo za hospitali haziendi mwilini bila kufuliwa. Yakafuliwa usiku wa kuamkia ufunguzi, na asubuhi hapakuwa na muda wa kutafuta mengine.

Matroni alikuja dukani siku iliyofuata ufunguzi, na manesi wawili na tenga la nguo. Duka lilikuwa limejaa.

"Mama, hii ni nini?" aliuliza, akaliinua gauni juu. "Umenishonea wauguzi au watoto wa chekechea?"

"Mmefulia maji ya moto," wifi alisema.

"Ni hospitali. Ulitaka tufulie mate?"

Watu wakaangua kicheko. Wifi akapangusa shingo. "Basi nitafungua mishono niyaachie yapanuke kidogo."

"Fungua tuone."

Akaligeuza gauni ndani nje, akatafuta pa kuachia. Hapakuwapo. Mteja mmoja, kati ya wale watatu wa siku ya video, akasema kwa upole wa kuudhi, "Lakini yalishonwa haraka sana, tusimkatishe tamaa."

Nyuma ya pazia, Bi Polepole aliyasikia hayo yote yakimshuka kooni kama uji mtamu. Aliwaza, bado. Mwongezeeni.

Ndipo nesi mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, akasema, "Langu liligoma kiunoni. Vifungo vyenyewe vilishonwa na mtu asiyejua mzaha, havikukatika, kitambaa ndicho kikapasuka mgongoni. Nikajifunga shuka la wodi. Mgeni rasmi akanishika mkono, akaniambia nipone haraka."

Duka zima likacheka. Nesi naye akacheka, akijifuta macho muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Bi Polepole aliijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikimgeuza mumewe kitandani hospitalini wiki zake za mwisho, ikimwambia, "Taratibu, baba, hatuna haraka." Utamu ukamkwama. Alikuwa amepiga hesabu ya uso mmoja tu, hakuhesabu migongo ishirini na minne.

Akalisukuma pazia. "Hakikulowekwa," alisema. "Kitambaa. Na mimi nilijua."

Wifi akamgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua. Ukaniuliza, nikakwambia ukate."

"Wifi, mbele za watu unaniambia hivi?"

"Wewe ulinifanyia wapi?"

Matroni akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi mna yenu, na simwoni wa kumtetea. Mimi nataka magauni."

"Utayapata. Jora jipya atanunua yeye," Bi Polepole akasema. "Nitakata mimi, kwenye meza ile pale dirishani, na sitahama tena. Kushona atashona yeye. Mashine yake nzuri, hilo sikatai. Na kuloweka ataloweka yeye." Akamgeukia nesi mnene, sauti ikamshuka. "Lako nitalishona mwenyewe, mwanzo mwisho. Unisamehe, dada."

Nesi akalirudisha gauni lake tengani. "Nitafikiria," alisema. "Uniachie nafasi ya kupumua."

Jora jipya lilifika Jumatatu. Wifi alikunja sketi, akajaza karai uani, akatumbukiza kitambaa, akakikanyaga, akakikamua, akakianika kivulini. Jioni alikuja dirishani mikono imekunjamana kwa maji.

"Kimekauka. Nilete?"

"Bado," alisema Bi Polepole, bila kuinua macho kutoka kwenye chaki yake. "Rudishia maji mengine."

Jumanne akaja tena. "Wifi, tayari?"

"Mara tatu, mama. Kitambaa hakikimbizwi."

Wifi akamwangalia, akaenda kuchota. Kutoka dirishani palionekana vizuri mno: ndoo, mgongo ulioinama, maji yanayomwagika miguuni. Mara moja ingetosha. Marehemu hakuwahi kuloweka zaidi ya mara moja.