Bado ni Njano

...na yangu bado ni njano, njano ileile, nimeizungusha flaski mpaka kiganja kimekufa ganzi na bado njano, wenzangu zao zimeshageuka nyekundu zamani, meza ya dirishani wamekaa wanaandika, Raheli ameshafunika kalamu yake, huyo ndiye kipanga wetu, hata kabla hatujaingia maabara alikuwa na jibu, alilipiga hesabu kwenye mstari wa uji, na sasa jibu lake linatembea meza hadi meza, ishirini na tatu nukta nne, ishirini na tatu nukta nne, Severina ninayekaa naye amelileta mpaka sikioni mwangu huku anajifanya anaokota kifutio, “Rukaiya, ishirini na tatu nukta nne, andika tumalize,” nami nimetikisa kichwa kwamba nimesikia, lakini macho yangu yako kwenye bureti, kwenye namba za mrija wa asidi, na bureti imeshapita hapo, imepita ishirini na nne inaitafuta ishirini na tano, tone, zungusha, njano, tone, zungusha, njano, asidi inashuka juu ya alikali na alikali haishibi... Mwalimu Chediel anapita nyuma yetu, viatu vyake vinalia, anasema, “Angalieni rangi, msiangalie jirani, rangi haiko kwa jirani,” darasa linacheka kidogo, maana anajua, na sisi tunajua kwamba anajua, hapa tunaita kupika, unachukua jibu linalotakiwa unarudi nalo kinyumenyume, unapika namba ya jaribio la kwanza, unapika ya pili, unapika ya tatu, unazitia tofauti kidogo ili zionekane zimetoka kwenye mkono wa mtu, na anayejua kupika vizuri anapata alama kuliko aliyepima kweli mkono ukatetemeka, mimi kidato cha kwanza nilidhani wanaongelea chakula, nikasema mimi napika vizuri tu, walicheka wiki nzima... tone, zungusha... sasa kwa nini sipiki, kwa nini naendelea kuzungusha maji ya njano, alama za leo zinaingia kwenye wastani, na aliye chini ya wastani mwisho wa muhula anahamishwa, hawasemi kufukuzwa, wanasema kuhamishwa, utafikiri ni kabati, anapewa barua na godoro lake anarudi shule ya kata ya kwao, na mimi niko hapohapo kwenye mstari, alama mbili huku, alama mbili kule, kila mtu anajua, Mwalimu Chediel aliniambia mwenyewe, “Rukaiya, prakitiko hii ndiyo itakayosema,” akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, lakini kilichonitisha zaidi ni mimi mwenyewe, kwa sababu aliposema kuhamishwa moyo wangu uliruka, haukuruka kwa hofu, uliruka kwa furaha, Mungu anisamehe, niliona kitanda changu nyumbani Utemini na mimi nimelala, nimelala tu, jua linapanda na mimi nimelala... hapa kengele inalia bado giza, prepo ya asubuhi, uji, vipindi, ugali, vipindi, vipindi vya ziada, ugali tena, prepo ya usiku, na kila mwalimu anatoa maswali kana kwamba mwenzake hayupo duniani, wa Fizikia anatoa yake, wa Hisabati anatoa yake mara mbili, wa Bayolojia anataka mchoro wa figo wenye kila mshipa, Jumamosi jaribio, Jumapili masahihisho ya jaribio, nguo zangu ziko kwenye ndoo tangu majuzi zinaanza kunuka, juzi nilisinzia nimesimama mstarini nikaota nagawanya, hata ndotoni jibu halikutoka kamili, na upepo huu wa Singida unapiga mabati mchana kutwa, hauchoki wala haukuachi ufikiri, geti lipo, mlinzi yupo, barabara naiona hapa nilipo, na sina pa kwenda kwa sababu huwezi kutoroka mahali ambapo wenzako wote wanalilia kuingia... tone... “Wewe,” Severina tena, “unamwaga yote?” zungusha, njano, mimi ni kilaza, hilo ndilo jibu, walionichagua walikosea, kulikuwa na Rukaiya mwingine mahali fulani mwenye kichwa na karatasi zetu zilichanganyika, yeye yuko kwao anapalilia alizeti anajiuliza kwa nini hakuchaguliwa, na mimi niko hapa nakaa kwenye nafasi yake, majaribio yangu mawili ya mwanzo hata hayapatani, la kwanza juu, la pili juu zaidi, na hili la tatu ndilo limekataa kabisa, mtu akipima kitu kilekile mara tatu si apate kitu kilekile... mama nilijaribu kumwambia, likizo ile, nilimkuta bandani kwake anapanga chupa za mafuta, nikasema shikamoo mama, akasema marahaba, mbona umepungua shingo hivi, nikaona hapohapo ndiyo nafasi, nikasema, “Mama, kule ni kugumu,” akanitazama, “Kugumu kwa nani? Wenzio si wanakaa?” nikasema wanakaa, “Basi na wewe kaa,” halafu akaingia mteja, baba mmoja wa Sepuka mwenye baiskeli, na mama uso ukabadilika ukang'aa, “Huyu ndiye yule wangu wa shule ya sayansi,” na yule baba akanipa mikono yote miwili, mtu mzima, akanipa mikono miwili mimi, basi nikayaacha ya ugumu, nikachukua chupa yake nimpimie, mama akaninyang'anya, akaigeuza akaitikisa akaona matone ya maji, akamgombeza baba wa watu, “Nani alikwambia uioshe kwa maji? Maji yanaharibu mafuta, chupa unaisuuza kwa mafuta yenyewe,” akatia mafuta kidogo, akazungusha, akamwaga, akatia tena kidogo, akazungusha, ndipo akapima, ndivyo alivyonifundisha tangu sijafika kimo cha meza, chombo kinasuuzwa kwa kile kitakachokaa ndani yake, mkono wangu unafanya wenyewe, hauniulizi, hata leo asubuhi nimechukua bureti nikaisuuza kwa asidi, sawa, ndivyo inavyotakiwa, nikachukua pipeti nikaisuuza kwa alikali, sawa, nikachukua flaski... nikachukua flaski nikaisuuza kwa... yaani nimetia alikali kidogo, nikazungusha, nikamwaga, kwa mkono uleule, na mwalimu alisema, nimemsikia kabisa akisema, flaski maji tu, maji peke yake, na nikaandika kwenye daftari maji peke yake na mkono ukaenda ukafanya ya nyumbani... ngoja... kwa hiyo kuna alikali iliyobaki kwenye ukuta wa flaski, na pipeti imeshapima yake, imeshuka kamili, imekutana na ile ambayo hakuna aliyeipima, mafuta yakizidi kidogo kwenye chupa mteja anafurahi na mambo yanaishia hapo, lakini huku kila kilichomo kitadai asidi yake, hakuna cha bure, ndiyo maana imepita, ndiyo maana ya kwanza na ya pili hazipatani, kila mara nilivyomwaga kilibaki kiasi kingine, bureti haikudanganya hata tone moja, ilikuwa inanihesabia kosa langu, na imelihesabu vizuri... nimeelewa, hakuna aliyenieleza na nimeelewa, sijawahi kuelewa kitu hapa, nimekariri, nimekopi, nimeitikia ndiyo mwalimu pamoja na darasa, lakini hiki nimekishika mwenyewe, “Unacheka nini?” anauliza Severina, ninacheka kumbe, “Hamna,” ninamwambia, “Hamna nini, anaanza kukusanya, andika,” na kweli Mwalimu Chediel anasema, “Malizieni, naanzia dirishani,” viatu vinalia kuelekea kule, nirudie, hapana, sina cha kurudia, alikali yangu nimeimaliza kwa kuisuuzia, kila mtu amepewa kikombe kimoja... lakini subiri, nikichukua ya Raheli nikaitoa kwenye yangu, inayobaki ni ile ya ukutani, naweza kuipigia hesabu, naweza kujua ni kiasi gani kilibaki kila mara, hata bila kukiona, na kama nikiacha flaski ichuruzike kwa muda mrefu zaidi itapungua, nataka kujaribu, kesho, jioni, wakati wowote, nataka kumuuliza mwalimu, nikiwa na flaski hizihizi na bureti hii, maana shule ya kata ya kwetu maabara ina kufuli na ndani wameweka madawati mabovu, mtu wa kule akiuliza swali langu ataoneshwa picha kitabuni... tone, zungusha... nikiandika ishirini na tatu nukta nne nabaki, na nikibaki hivyo nitapika muhula huu na ujao mpaka nimalize, na hiki nilichokielewa nitakuwa nimekifuta kwa mkono wangu, kwa sababu kimeandikwa kwenye kosa tu, ukilisahihisha kosa na chenyewe hakipo, na nikiandika yangu na sababu yake pembeni, labda atasoma, labda hatasoma, ana rundo la karatasi na jibu moja la kulinganishia, ataona namba imepita atapiga mkasi, na wastani utasema nihamishwe, Severina ameshageuza karatasi yake hanitazami tena, amenikatia tamaa, nami simlaumu, ninajua ninachokwenda kuandika, nimeshajua tangu nilipocheka, tone, zungusha, pembeni kabisa pamekuja uwekundu kidogo nikashtuka, nimezungusha umepotea, imerudi njano, Mwalimu ameshachukua ya Raheli, anachukua ya meza ya pili, anakuja, na mimi niliyemwomba Mungu kila alfajiri tangu shule ifunguliwe anitoe hapa, namwomba iwe hakunisikia.