Ndizi Isiyo na Maganda

Maabara nzima ilimwita Cherehani, na si kwa mapenzi. Mwaka wa tatu huo dada wa watu alikuwa akivishonea makoti vimeng'enya, zile protini zinazotusagia chakula tumboni bila kupewa hata asante. Vimeng'enya vina deko: vimezoea maji. Vitie kwenye kimiminika kingine, vinajikunja na kufa kifo cha kizembe. Yeye alikuwa akivibandika minyororo mirefu ya kemikali mwilini, ili viishi ndani ya chumvi fulani ya ajabu, isiyo na tone la maji na inayotiririka kama asali.

Profesa, mkuu wa maabara, hakumficha. "Binti, samaki hata umvalishe koti, nchi kavu atakufa tu."

"Tutaona, Profesa."

"Utaona wewe. Mimi nilishaona kabla hujazaliwa."

Mashine ya kupimia matokeo ilikuwa mbovu miezi mitano, ikingoja kipuri, na kipuri kikingoja saini ya huyohuyo Profesa. Cherehani akaamua kutumia pua. Alichukua kimeng'enya cha kuvunja mafuta, ambacho kikikosa maji hubadili tabia na kuanza kuunganisha. Ukikipa asidi ya siki na aina fulani ya alkoholi, kinatengeneza kitu chenye harufu ya ndizi mbivu. Koti likifaa, ndizi. Lisipofaa, siki.

Jumatatu jioni akaandaa chupa mbili za chumvi ile, siki na alkoholi: moja ya vimeng'enya vyenye koti, nyingine ya vilivyo uchi. Akaziacha zikitikiswa polepole, vifuniko vikiwa vimelegea kidogo, akaenda zake.

Jumanne alimpeleka mama yake kliniki, akafika kazini saa nne. Mezani ilimsubiri barua ya onyo yenye muhuri wa Profesa: amekula ndizi ndani ya maabara, kinyume cha kanuni. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye neno "ndizi" akakaa, akaanza kucheka peke yake mpaka mwenzake wa meza ya pili akasogeza kiti mbali.

Akamfuata Profesa ofisini, chupa mkononi, barua kwapani.

"Profesa, hiyo ndizi uliinusa mwenyewe?"

Profesa akapenga kamasi. Pua yake ilijiuzulu zamani kwa mafua yasiyokwisha. "Ameinusa mfanyausafi. Jengo zima limeinusa. Usinitanie."

"Maganda yako wapi?"

"Nitajuaje? Labda umeyala."

Mfanyausafi akaitwa. Alikuwa mama mtu mzima ambaye pua yake iliwahi kugundua gesi inayovuja kabla ya kengele. Akaegemeza dekio mlangoni.

"Ndoo zote nimepekua," alisema. "Ganda hakuna. Hilo hata mimi limenishangaza."

Cherehani akampa chupa ya vimeng'enya vilivyo uchi.

"Siki. Na kitu kama soksi."

Akampa ya pili. Yule mama akanusa, akanusa tena taratibu.

"Ndizi. Ile iliyoanza kupata madoa."

Profesa akaziinua chupa zote mbili kwenye mwanga.

"Umefanya mara ngapi?"

"Moja."

"Rudia mara tatu. Na hiyo barua nirudishie."

Akarudia mara tatu, ikanukia mara tatu. Kipuri nacho, kwa muujiza, kikapata saini wiki hiyohiyo, na mashine ikakubaliana na pua ya mfanyausafi. Siku ya arobaini vimeng'enya vyenye koti vilikuwa bado vinachapa kazi. Profesa sasa alisema "utafiti wetu" hata kwenye foleni ya chai.

Makala ilipokaribia kutumwa, Cherehani aliongeza mstari wa kumshukuru mfanyausafi. Profesa akaukata kwa kalamu nyekundu.

"Hili ni jarida la sayansi. Hatumshukuru mtu kwa kunusa."

"Sawa, Profesa. Basi andika wewe ulichonusa."

Profesa akapenga kamasi, akaurudisha mstari.

Jarida lilipotoka, mfanyausafi aliusoma mstari wake mara mbili, kidole kikifuata maneno, kisha akauliza kama anaweza sasa kupanda kunusa ghorofa ya tatu, maana huko nako kuna jambo.