Jina la Mwenye Nyumba

Upepo wa kufungulia mvua uling'oa mabati ya kigango chao, kanisa dogo la pale Mpui, kama mtu anavyofunua sufuria, na Jumapili iliyofuata watu wakasali huku wakilowa. Ndipo halmashauri ya kigango ilipokaa ikaamua: itachezwa bahati nasibu, kipatikane cha kuezekea. Mboje, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake kule bondeni, akatoa mtamba mwekundu awe zawadi.

"Kusali kwenu mimi sijui," alisema mbele ya watu kigangoni, "lakini humo ndimo watoto wangu wanamofundishwa kusoma. Mkilowa ninyi, wanalowa na wao."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Fransiska hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanawe, Flavian, aliyeketi benchi la nyuma na mkewe Herieth, ameinamisha kichwa kama mtu aliyesikia anatajwa.

Tangu ushirika ulipokufa na mbolea ikawa mali ya wenye maduka, mnada ulikuwa umechangamka kuliko zamani. Pamoja na mitumba na redio walikuja vijana wa mjini na karata tatu juu ya kigoda: onyesha iliko nyekundu, ule pesa. Flavian aliacha pale baiskeli ya marehemu baba yake. Akaacha jembe la kukokotwa na ng'ombe. Siku alipobeba khanga za harusi za Herieth, kijiji kizima kilijua. Lakini Kwaresima iliyopita alisimama mbele ya jumuiya, akashika rozari ya baba yake, akasema hatagusa kamari ya aina yoyote mpaka wamfukie. Na kweli, tangu hapo mnadani hakukanyaga. Hata chumvi alikwenda kununua Herieth.

Basi Fransiska alijifunga khanga akaenda kwa katekista Adolfu.

"Mama Fransiska, shikamoo. Umekuja kununua tiketi?"

"Marahaba. Nimekuja kukuuliza. Hii si kamari?"

Adolfu alitabasamu, swali hilo alikuwa ameshalijibu mara nyingi wiki ile. "Mama, kanisa halisemi ni dhambi, mradi hakuna wizi na hakuna anayenyima watoto chakula. Hata mitume walipiga kura. Kila mtu na dhamiri yake."

"Na askari chini ya msalaba, wao walipiga nini?"

Katekista akacheka kidogo.

"Sigombi, katekista," alisema Fransiska. "Dhamiri yangu mimi hainikatazi. Ningenunua, na usingizi ningelala. Ila mwanangu ana kidonda, na kidonda hakiulizi kama mkono uliokigusa ni wa padri au wa mwizi. Nakuomba, usimuuzie."

"Nakuahidi, mama. Flavian simuuzii."

Hakumuuzia, na Flavian mwenyewe hakuomba. Vijana walimtania kilabuni: "Mtakatifu Flavian, tuombee! Hata ng'ombe wa kanisa unamwogopa?" Yeye akaendelea kunywa pombe yake ya ulezi. Fransiska naye hakununua, ili mwanawe asijione yuko peke yake.

Siku ya kuchezesha, kigango kilijaa mpaka nje. Mtoto mdogo akaingiza mkono kapuni, akatoa kikaratasi. Adolfu akakifunua, akakisoma kwa macho kwanza. Fransiska aliuona uso wake ukibadilika.

"Soma, katekista! Unasoma au unatafuna?" mtu akapaza sauti toka nje.

"Flavian," alisema Adolfu kwa sauti ndogo.

Vigelegele vikapasuka. Flavian alisimama mikono ikining'inia. "Mimi sikununua," alisema. "Jamani, mimi sikununua."

Ni Herieth aliyekuwa amenunua, kwa ulezi wake mwenyewe. Hakuwa na mawazo ya ng'ombe. Alitaka paa tu, akaona haya kuwa mke pekee asiyechangia. Na Adolfu, ambaye miaka yote alipopokea zaka aliandika jina la mwenye nyumba hata kama debe limeletwa na mke kichwani, aliandika alivyozoea. Mkono wake uliandika bila kumuuliza. Herieth, ambaye kusoma hakujui vizuri, alikunja kile kikaratasi akakitia kapuni.

Mtamba akafungwa uani kwa Flavian. Alikaa akimtazama siku kadhaa, hali vizuri, hasemi na mtu. Kisha akaja kwa mama yake.

"Mama, nimevunja ahadi?"

"Hapana, mwanangu. Hukuvunja."

Akashusha pumzi. Kisha macho yake yakawaka, na Fransiska akautambua ule mwako. Aliujua tangu enzi za baiskeli. "Basi unaona? Mimi niliikimbia, imenifuata mpaka altareni. Hiyo si kamari tena, mama. Ni Mungu ameniita jina."

"Mungu hakuiti kwa jina lililoandikwa kimakosa. Mrudishe mtamba, Flavian. Akachezwe upya."

"Nirudishe neema? Watu wameshapiga vigelegele!"

Alimsihi jioni ile yote. Alimshika hata miguu, yeye mama, na Flavian akamwinua kwa upole akasema atafikiri.

Siku ya mnada alisema anampeleka mtamba joshoni akaogeshwe dawa. Josho liko upande wa kwa Mboje. Yeye akashika njia nyingine. Jua lilipokuwa linatua alirudi na kamba tupu ameizungushia mkononi. Akaketi kizingitini kwa mama yake.

"Nilikaribia, mama," alisema. "Mara ya mwisho niliiona kabisa ile nyekundu."

Fransiska alimwekea ugali. Hakuula. Kesho yake alidandia lori la kwenda Kipili kufuata dagaa, na hakuaga hata mkewe. Baadaye watu wakaleta habari: mchana anabeba magunia bandarini, jioni yuko na wenye karata.

Ulikuwa mwezi wa matuta ya intumba, pale Wafipa wanapokata nyasi na kuzifukia ziozee, ili msimu ujao ardhi iwe na nguvu bila mbolea ya dukani. Flavian alikuwa amefika nusu ya shamba. Nusu ya pili nyasi zilikuwa zimelala zimekatwa, zinaanza kukauka. Fransiska na Herieth wakazifukia. Herieth alilima akilia.

"Ni mimi, mama."

"Wewe ulitaka watu wasilowe. Inua jembe, mwanangu."

Mavuno yalipofika walibeba zaka yao, debe la ulezi, mpaka kigangoni. Paa jipya lilikuwa linang'aa. Adolfu alimwamkia Fransiska bila kumtazama usoni. Tangu siku ile alikuwa hajapata maneno ya kumwambia, na yeye hakumdai. Akachukua kalamu, mkono ukaanza kuandika, ukasimama.

"Niandike... jina la nani, mama?"

Fransiska alimgeukia mkamwana wake. Herieth alikaza fundo la khanga.

"Andika Herieth," alisema mwenyewe. "Aliyeleta ni mimi."

Adolfu akaandika. Fransiska alisimama akiangalia herufi zikitoka moja moja, mpaka ya mwisho. Kisha akaingia chini ya paa jipya, akapiga goti kwenye benchi la nyuma, pale alipokuwa anaketi Flavian. Alitaka kuanza sala kwa jina la mwanawe, midomo ikamkatalia.