Kikohozi cha Sauda

Haruna aliingia kwenye duka la dawa la Rutamba baada ya alasiri, kanzu nyeupe pee, mikono misafi. Ulikuwa mwezi wa saba, msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ule unga wa dawa unaomganda kila mtu, na mkulima msafi kiasi hicho ni wa kutazamwa mara mbili. Kikohozi kiliingia nyuma yake, bila mtu.

"Shikamoo," alisema Fortunata, muuzaji.

"Nipe nyingine kama hii, dokta." Marahaba hakuitoa. Aliweka juu ya kaunta chupa tupu ya dawa ya kifua.

Fortunata alikitambua kikohozi. Kilikuwa cha Sauda, mke wa Haruna: kinaanza kirefu, kisha kinakatwa, kama cha mtu anayeogopa kuamsha wenye nyumba. Kilikwenda kukaa kwenye benchi. Mama aliyesubiri dawa ya minyoo alijisogeza.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Shambani. Anapulizia."

"Pua anazibia nini?"

"Ana khanga."

"Khanga haizuii salfa, mzee. Mpeleke hospitali wakampime kifua. Na hiyo mashine ya kupulizia ubebe wewe."

"Nimekuja kununua dawa, binti. Sikuja kufunzwa ndoa."

Ndivyo walivyo wateja wa pale: wakitaka kitu wewe ni dokta, ukiwaambia kitu wewe ni binti. Fortunata alitamani kumrushia chupa usoni. Alimuuzia, maana mwenye duka alishamwonya kuhusu mdomo wake.

"Na kikohozi chako uondoke nacho," alisema yule mama.

"Si changu," alisema Haruna, akaenda zake.

Kikohozi kilibaki. Wateja walinung'unika kwamba kinajaza benchi, halafu wakazoea. Wenye maradhi ya aibu hata walikipenda. Walisubiri kianze, ndipo wataje shida zao.

Siku moja Sauda mwenyewe alipita barabarani, mashine mgongoni, kope zimeshika unga wa manjano. Fortunata alimwita. Sauda alisimama mlangoni, akajishika kifua, akafungua mdomo. Mlio ulitokea kwenye benchi.

"Kumbe kiko huku," alisema.

"Unajisikiaje, dada?"

"Kifuani kunawaka vilevile. Ila hakuna sauti, basi mume wangu anasema nimepona."

"Kichukue, urudi nacho akisikie."

"Atasema namfanyia makusudi." Alikitazama kikohozi chake kidogo, kama mtu anayeangalia mzigo alioacha kwa jirani, kisha akaweka sawa mikanda ya mashine. "Bado mikorosho ya bondeni."

Fortunata alimtazama hadi alipokata kona. Alikuwa na hasira, na hakuwa na pa kuipeleka.

Mwezi wa nane Haruna alirudi. Kanzu ilikuwa ileile na safari hii alikuwa mchangamfu, hata akauliza habari za kazi. Nyuma yake kiliingia kikohozi kingine, chembamba, kifupi.

"Leo nani anapulizia?" aliuliza Fortunata.

"Binti yangu, Moza. Nimemtoa shule kidogo amsaidie mama yake. Mama yake siku hizi anachokachoka."

"Huyo ni mtoto, mzee."

"Ni wangu." Aligonga kaunta kwa kidole. "Nipe ileile iliyomponya mama yake."

Fortunata akaishusha rafuni. Kwenye benchi, kikohozi cha Sauda kilinyamaza, kikasogea, kikampisha mwanawe.