Mswaki wa Cyrus

Jumapili asubuhi Loise alipanga vifaa vyake juu ya gazeti: mswaki mkuukuu, vijiti vya meno, kipande cha sifongo, chujio la chai, na karatasi ya fedha ya kufungia chakula aliyoifinyanga ikawa donge. Kwa vitu hivyo alitengeneza ardhi. Karakana yao, nyuma ya mtaa wa Rashidiya katika jiji la Waarabu, iliunda modeli za mitaa ambayo bado haijajengwa, ili wanunuzi wazione nyumba zao mezani kwanza. Bwana Raed, msimamizi, alikuwa amemwagizia kutoka nje sanduku zima la rola za chuma na patasi ndogo. Loise alizijaribu siku mbili akazirudisha sandukuni. Rola huchapa mchanga wa namna moja toka mwanzo hadi mwisho, na mchanga wa kweli hauna tabia hiyo. Donge la karatasi likigandamizwa kwenye plasta mbichi hutoa mwamba, kijiti hutoa ufa, na mswaki ukigongwagongwa hutoa jangwa lenyewe.

Safari hii kazi ilikuwa nyumba mia tatu na ziwa la kuchimbwa, upande wa Jebel Ali. Sentimita moja mezani ilikuwa mita mbili kule. Jumatatu nyayo zilitokea.

Zilikuwa nyayo za buti, kila moja milimita moja na nusu, zimebonyea kwenye plasta iliyokwisha kukauka. Zilianzia kwenye lango la walinzi.

"Loise, yalla, haraka, futa hizi," Raed alisema. "Mteja hajaagiza watu."

"Sir, si mimi."

"Vijiti ni vya nani?"

Akavifungia vijiti kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Jumanne nyayo zilikuwa zimesogea mbele kwa upana wa kiganja.

Loise naye alikuwa na mtu wake wa kumshuku. Mzee Sulaiman, Mzanzibari aliyekata majengo ya plastiki meza ya pili, alikuwa na mkono mwepesi wa kuweza kuandika jina juu ya punje ya mchele. Loise akanyunyiza unga chini ya kiti chake ili aone anakopita. Mzee alirudi kutoka kuswali, akautazama unga, akakung'uta ndara zake.

"Mwanangu, siku nyengine ukitaka kunitega tumia wa mchele. Huu wa ngano waganda."

Ndipo Raed akaigeuza kamera ya ukutani ikaelekea mezani. Jumamosi wakaketi watatu na chai zao za maziwa kutazama. Kwenye picha, Ijumaa mchana mweupe, karakana imefungwa, mchanga ulibonyea, ukatulia, ukabonyea tena. Hapakuwa na mkono wala mtu. Mguu wa kushoto ulikuwa ukiburuta kidogo. Raed alirudisha picha nyuma, akatazama mara ya pili, akazima.

"Khalas, basi si wewe. Sehemu hii umetumia nini?"

"Mswaki, sir."

"Badilisha."

Loise hakubadilisha. Ule mswaki ulikuwa wa Cyrus, kaka yake, mlinzi katika mradi uleule wa Jebel Ali, mwenye goti la kushoto lililoharibiwa na pikipiki. Barua ya mwajiri wake, ya tarehe kumi na tano Machi, ilisema ametoroka kazini. Loise alikwenda kuchukua vitu vyake kwenye chumba walichokaa wanane kule International City, akakuta suruali zake za mtoko bado ziko kwenye kamba na mswaki ndani ya kikombe. Tangu hapo hakuiamini ile barua, na kila aliyekuja kumpa pole yeye alimtilia shaka.

Nyumbani Vihiga mambo yalikuwa yamekwama. Kwao, mtu akifia ugenini na mwili usirudi, huzikwa shina la mgomba mahali pake. Mama alitaka kuzika apumzike, lakini baba mdogo Erisa alikuwa na nakala ya barua mkononi, na barua ilisema mtu yu hai. Kumzika aliye hai ni kumlaani. Basi mama alikuwa halii wala hangoji, na jambo hilo lilimuuma Loise kuliko kifo chenyewe.

Jumatano nyayo zilifika ukingoni mwa ziwa. Zikasimama mbili sambamba, kisha moja chini, kwenye sakafu ya ziwa, halafu basi. Loise alipitisha kioo cha kukuzia kila upande akitafuta za kurudi. Hazikuwepo.

Mhandisi wa mteja, Bwana Adib, alikuja kukagua. Aliinama akazitazama muda mrefu, na hakuuliza nani kazifanya. Loise aliliona hilo.

"Sir, kule zege la ziwa lilimwagwa lini?"

"Machi kumi na nne," Adib alijibu kabla ya kufikiri. Kisha akafikiri, akafunga koti lake vifungo vyote, akamgeukia Raed. "Mimina maji leo. Nyayo ziacheni, zinapendeza. Tutasema ni njia ya matembezi."

Raed akachanganya gundi angavu ya kuigiza maji, akaimimina, ziwa likajaa na kung'aa. Alhamisi Loise aliomba ruhusa akaenda kwenye ofisi ya mwajiri wa Cyrus. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa nakala nyingine ya barua ileile, yenye muhuri mpya.

Saa ya chakula, amerudi karakanani, akampigia mama.

"Waambie wakate mgomba."

"Erisa atauliza nani amesema."

"Mwambie ni mimi. Nimemwona akienda, mama, na hakurudi."

"Alitoka hapa bado anakua," mama alisema, na sauti ikaanza kumkatika. "Wakate wa urefu gani?"

Loise akashika simu kwa bega, akalaza rula kati ya nyayo mbili, akazidisha kwa mia mbili, akakadiria kimo kutokana na hatua hiyo, akamtajia.